Gunia la Mfano katika Nchi ya Shukrani

Mpakani mwa nchi ya Shukrani, Sikudhani hakuulizwa jina lake wala alikotoka. Aliulizwa kama ameshashukuru. Askari mwenye glavu nyeupe alimwonyesha kizingiti akamwambia akishukuru, kisha mlango, kisha kiti ambacho alikuwa hajakikalia bado. Sikudhani alikuwa mtu wa maabara, mtu wa mambo yanayopimika, na kukishukuru kiti kabla ya kujua kama kina kunguni aliona ni sawa na kutia saini karatasi tupu. Lakini alikuwa amechoka na miguu ilikuwa imevimba. Akashukuru vyote vitatu, akagongewa muhuri, akaingia.

Alikuwa ameitwa na Wizara kwa kazi moja. Nchi ile inaishi kwa samaki. Kutoka vilimani hadi bondeni ni mabwawa tu, ya sato na kambare, na samaki hao huliwa katika nchi nyingi. Sasa wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wameanza kunong'ona kwamba chakula wanacholishwa samaki wale kina nyama ya wanyama wa nchi kavu, ilhali magunia yameandikwa dagaa, soya na pumba za mpunga, basi. Wakataka mpimaji kutoka nje, na Sikudhani alikuwa na mashine ya kusoma vinasaba, kisanduku cha kubeba kwapani. Kila aina ya mnyama ina alama yake katika mwili, na alama hiyo haifutiki kirahisi. Mchemshe mnyama, mkaushe, msage mpaka awe unga, vipande vya alama vitabaki. Mashine ikipewa unga kidogo uliooshwa kwa dawa, itakwambia humu yumo fulani na fulani. Haina aibu wala haijui cheo cha mtu.

Ni vizuri hapa kueleza sheria ya nchi ile juu ya wanyama, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Mnyama aliyefanya kazi hachinjwi Shukrani. Ng'ombe aliyelima, punda aliyebeba, hata kuku aliyetaga kwa bidii, akizeeka husomewa Barua ya Shukrani hadharani akiwa amesimama, na asiyeweza kusimama hushikiliwa. Huvishwa shada la maua. Mwenye mnyama huikabidhi kamba kwa mkono wake mwenyewe, husema ahsante mara tatu, na lori jeupe la Wizara humpeleka mzee huyo Bustani ya Mapumziko, ambako inasemekana hufa kwa raha zake na kuzikwa katika kaburi lenye jina lake. Ule msemo wetu kwamba shukrani ya punda ni mateke umepigwa marufuku huko. Sikudhani ulimponyoka siku ya pili, mezani, akaandikishwa barua ya kuwaomba radhi punda wote kwa jumla.

Alitembezwa Bustani. Makaburi yalikuwa meupe, yamepangwa mistari, na maua yamemwagiliwa vizuri kuliko bustani nyingi za hospitali alizowahi kuona. Ila kaburi la fahali lilikuwa na urefu wa mkono mmoja. Akamuuliza mwenyeji wake, afisa wa Wizara, fahali huyo alikuwa wa aina gani.

"Fahali wa kawaida," alijibu mwenyeji. "Suala la urefu lilijadiliwa Barazani siku tisa. Kuna waliotaka makaburi marefu, kuna waliotaka mafupi. Mwisho tukakubaliana kwamba huzuni haipimwi kwa futi."

"Na kuna mtu amewahi kufukua akaangalia?"

Mwenyeji alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa anayeropoka. Akaeleza kwamba kufukua ni kukosa shukrani, na Shukrani hakuna kosa lingine. Mwizi hushtakiwa kwa kutoshukuru alichonacho, muuaji kwa kutoushukuru ujirani. Magereza ni madogo. Watu wengi hujisahihisha mapema.

Siku ya nne alipelekwa kwenye kazi yenyewe. Alitarajia ghala. Badala yake aliingizwa kwenye ukumbi wenye zulia, na katikati ya ukumbi palikuwa na kabati la kioo, na ndani ya kabati, juu ya mto wa hariri, lilikaa gunia moja. Kando yake alisimama mtu mwembamba, mwenye macho ya upole, Bwana Kirago, ambaye cheo chake ni Mtunza Gunia.

"Karibu sana," alisema Bwana Kirago kwa sauti ya chini. "Ukitaka kukohoa, kohoa sasa."

"Hili ni gunia gani?"

"Hili ndilo gunia. Gunia la Mfano. Limepimwa na wapimaji ishirini na saba, na wote walirudi kwao wameridhika."

Likafunguliwa kwa ufunguo, Sikudhani akachota kijiko kimoja. Bwana Kirago akaandika saa na dakika, kisha akatoa mfuko mdogo kwenye koti akamimina kijiko kimoja guniani, akasawazisha kwa kiganja. Sikudhani akamuuliza anachomimina.

"Dagaa, soya na pumba. Natwanga mwenyewe nyumbani kwenye kinu cha marehemu mama yangu." Uso wake ulichangamka. "Dagaa natoa vichwa kwanza. Kwa miaka thelathini na moja gunia hili halijapungua wala kuharibika."

"Bwana Kirago, naomba nipime na gunia jingine."

"Jingine lipi?"

"Lolote. Lililotoka kiwandani. Wanalolitumia watu kwenye mabwawa."

"Ah, hizo ni nakala," alisema Bwana Kirago. Wala hakuwa anamficha kitu, na hilo ndilo lililomsumbua Sikudhani. Mtu yule aliamini. "Mgeni akija kukupima damu, utampa damu yako au picha yako? Ukweli wa chakula uko hapa. Nakala ikiharibika huko njiani, hatuilaumu asili."

Basi Sikudhani akapima alichopewa. Mashine ikasema dagaa, soya, mpunga. Akaandika ripoti kwamba gunia lililo kabatini ni safi, akatia saini, maana ndivyo ilivyokuwa. Mkweli naye huwa na upumbavu wake. Hudhani neno likishakuwa la kweli halina madhara.

Alikuwa amepangiwa kulala kwa Mzee Feruzi, mfugaji wa samaki mwenye mabwawa matatu ukingoni mwa mji. Mzee huyu alikuwa mjane, mfupi, mchangamfu asubuhi na mkimya jioni. Alimpokea kwa kumwambia mgeni njoo mwenyeji apone, akampa chumba chenye dirisha la kuangalia mabwawa. Kazi zake zote alizifanya na punda jike wa miaka minane aitwaye Tabu, aliyebeba magunia kutoka barabarani na kuvuta pampu ya maji akizunguka taratibu. Mzee alizoea kumsimulia Tabu habari za mji, na akisahau jina la mtu alimuuliza yeye. Jirani yao, Bi Kashinde, mama wa makamo mwenye bwawa moja, alikuwa mtu wa kushukuru kwa sauti kupita wote mtaani. Alilishukuru jua, akalishukuru jembe, akamshukuru na Sikudhani kwa kupita.

Asubuhi moja Mzee Feruzi alikuja na leso iliyofungwa fundo. Ndani mlikuwa na konzi ya punje za chakula cha samaki, amezichota kwenye gunia alilokuwa akilitumia bwawani.

"Mwanangu," alisema, "hiyo mashine yako inaweza kumjua punda?"

"Inaweza, baba."

"Nilikuwa na punda mwingine, Kigoda. Mama yake huyu Tabu. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Mke wangu alipokufa, Kigoda ndiye aliyembeba hadi makaburini, kwa kuwa ilikuwa mvua na watu walikuwa wachache. Mwaka jana alichoka, nikamtoa. Nililia kwa furaha, nikasema mzee mwenzangu anakwenda kupumzika." Akamsogezea leso. "Wiki ya tatu yake chakula kipya kilifika. Samaki walikipenda kuliko siku zote. Tangu hapo sili samaki, na sijamwambia mtu kwa nini."

Bi Kashinde alikuwa upande wa pili wa ua anaanika nguo. Aliyasikia yale. Akaja mpaka kwenye ua akamwambia Sikudhani, "Dada, pumzika leo. Kazi haiishi," akarudi kwenye kamba yake akiimba kwa sauti kubwa bila sababu.

Sikudhani angeweza kupumzika. Lakini mtu ameombwa ukweli na mzee aliyemlaza na kumlisha, atamnyima vipi? Alisaga zile punje, akaziosha, akaiwasha mashine mezani karibu na dirisha. Kazi ilichukua hadi adhuhuri. Mzee Feruzi alikaa kwenye kigogo nje, mikono magotini.

Dagaa walikuwemo kwa kugusa tu. Ng'ombe alikuwemo kwa wingi. Kuku alikuwemo. Punda alikuwemo.

Alipomwambia, mzee aliuliza jambo moja. "Ni Kigoda?"

"Mashine inajua kwamba ni punda, baba. Haijui ni punda yupi. Wamechanganywa, wamechemshwa. Siwezi kusema ni Kigoda na siwezi kusema siye."

Mzee Feruzi alitikisa kichwa polepole. Sikudhani alitamani mashine yake ingekuwa mbovu siku ile, na ni mara ya kwanza katika kazi yake kutamani hivyo.

Kesho yake mzee alivaa kanzu yake nzuri akaenda Wizarani kuuliza. Hakwenda kushtaki. Aliuliza tu kama inawezekana kaburi la Kigoda lifunguliwe, yeye atachimba mwenyewe na kufukia mwenyewe. Kwetu kuuliza si ujinga. Kule aliulizwa anaishi na nani, na kabla ya saa sita yeye na Sikudhani walikuwa mahakamani.

Hakimu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Alianza kwa kuishukuru meza, kisha akamgeukia Sikudhani.

"Mgeni wetu, ulipima Gunia la Mfano?"

"Nilipima, Mheshimiwa."

"Ukakuta nini?"

"Dagaa, soya na mpunga."

"Na ripoti yako ni ya kweli?"

"Ni ya kweli. Lakini ni ya gunia lile tu."

"Tunashukuru. Basi imethibitishwa na mtaalamu kwamba chakula cha samaki ni dagaa, soya na mpunga. Na kilichokuwa kwenye leso?"

"Kina ng'ombe, kuku na punda."

"Kwa hiyo si chakula cha samaki," alisema Hakimu, na ukumbi ukapiga makofi kwa adabu. "Mzee Feruzi, ni kwa muda gani umekuwa ukiwalisha samaki wa taifa kitu ambacho si chakula?"

Mzee alisogea mbele. "Mheshimiwa, mimi nilichota kwenye gunia la kiwanda. Lina muhuri. Nimelipokea mbele ya watu."

Bwana Kirago akasimama, na kwa huzuni ya kweli akaeleza kwamba nakala zote hutoka zikiwa safi, na nakala ikiharibikia mkononi mwa mtu, lazima mkono huo uangaliwe.

"Na kuhusu punda," aliendelea Hakimu. "Mgeni, mashine yako ilimtaja kwa jina?"

"Haitaji majina, Mheshimiwa."

"Kigoda ana kaburi, na kaburi lina jina, na jina limeandikwa kwa rangi isiyofutika. Punda wa kwenye leso hana jina, hana kaburi, wala hajulikani na mtu. Mahakama imwamini nani kati ya hao wawili?"

Sikudhani alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia kwamba wachimbe basi, wachimbe kaburi moja tu, jembe moja na nusu saa. Ukumbi mzima ukainama kwa aibu, kana kwamba ametoa tusi mbele ya wakwe. Karani akauliza kwa upole kama neno hilo aliandike au amsitiri mgeni. Hakimu akasema asitiriwe.

Hukumu ilikuwa fupi. Mkono usio na shukrani haufai kumwongoza anayetumika. Tabu angechukuliwa baada ya siku saba. Hata hivyo, alisema Hakimu, milango ya Shukrani haifungwi. Kama mgeni angekumbuka kwamba leso ile ilikuwa chafu, kwamba huenda mzee alimfutia punda wake jasho kabla ya kuchotea chakula, basi kipimo cha pili kingekuwa hakipo, na kisichopo hakina mshtakiwa. Karatasi ilikuwa tayari imeshachapwa.

Sikudhani alitoka ukumbini kwa hasira. Kwenye korido alimkuta Mzee Feruzi ameegemea ukuta.

"Sitii saini, baba. Leso ilikuwa safi. Niliona mwenyewe."

"Weka saini, mwanangu."

"Ni uongo!"

"Najua ni uongo. Nilitaka kujua, umenijulisha, sina tena ninachodai kwao. Tabu ana miaka minane. Yeye hakuuliza chochote."

Alitia saini. Aliona aibu wakati wa kuandika, na aibu ile haikupungua alipomaliza. Alijiambia kwamba ukweli ni wa kuandikwa tena kesho mahali pengine, na punda akishasagwa haunganishwi tena. Hesabu ile aliiona ni sawa. Wizara ikamshukuru, na mchana uleule akaonyeshwa muhuri mpya wa magunia, ambao ulikuwa na maneno Chakula Safi na chini yake jina lake kamili. Akaomba liondolewe. Wakamwambia kwamba unyenyekevu wake nao utaandikwa.

Siku mbili zilipita vizuri. Tabu alizungusha pampu. Mzee alimsimulia habari za mahakama, akiruka sehemu kadhaa. Siku ya tatu, asubuhi, lori jeupe likasimama mbele ya nyumba, na ngoma nyuma yake, na mtaa mzima ukatoka. Bwana Kirago alishuka amebeba shada la maua makubwa kuliko kawaida na barua iliyofungwa utepe. Alikuwa na furaha hata akamkumbatia mzee.

"Mzee Feruzi! Wizara imeguswa sana. Mtu aliyepotea na akarudi ana thamani kuliko ambaye hakupotea. Kwa heshima yako, Tabu amepewa mapumziko ya mapema. Miaka minane! Hajapata mtu heshima hii."

"Lakini kesi imefutwa," alisema Mzee Feruzi.

"Ndiyo maana. Ingekuwa adhabu, angechukuliwa bila maua."

Sikudhani alijipenyeza hadi mbele. "Bwana Kirago, nilitia saini ili abaki. Mlisema atabaki!"

"Tulisema hatachukuliwa kwa hukumu," alijibu Bwana Kirago, akimtazama kwa mshangao wa mtu aliyeleta zawadi akapokelewa kwa matusi. "Na hachukuliwi. Anashukuriwa. Mgeni, mtu atakataaje kushukuriwa?"

Hakika, ilikuwa haikataliki. Kukataa kungekuwa kukosa shukrani, na kwa kosa hilo Tabu angechukuliwa vilevile, na mzee pamoja naye. Sikudhani alitafuta upenyo kichwani mwake kama alivyozoea kutafuta kosa katika kipimo, na kila alipogusa palikuwa pamezibwa. Barua ikasomwa. Ilimshukuru Tabu kwa utumishi wake, kwa subira yake, kwa mfano aliowapa vijana. Tabu alisimama kimya akila maua ya shada lake mwenyewe, na watoto wakacheka.

Kisha ikafika zamu ya kamba. Mzee Feruzi aliishika akamwongoza Tabu hadi kwenye ubao wa kupandia, akasema ahsante ya kwanza, akasema ya pili, akasema ya tatu, vizuri, kwa sauti inayosikika. Lakini mkono haukufunguka. Dereva alivuta kidogo. Mkono haukufunguka. Ngoma zikasita. Mzee alikuwa amesimama anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine, na machozi yanamtiririka, na safari hii hayakuwa ya furaha, na kila mtu pale aliliona hilo.

Bi Kashinde akatoka kwenye kundi. Alitabasamu kwa ajili ya watu wa lori, akaweka mkono begani mwa mzee kama anayempongeza, na Sikudhani aliyekuwa karibu akamsikia akinong'ona.

"Mpe kamba, kaka Feruzi. Unadhani ni wewe peke yako unayejua? Mimi nilitoa ng'ombe wangu watatu. Nilikuwa najua tangu wa kwanza. Sote tunajua. Mpe, tusije tukaulizwa na sisi."

Mzee alimgeukia. Akawatazama na majirani waliokuwa nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetazamwa alishusha macho kidogo, akaendelea kutabasamu. Ndipo vidole vyake vikalegea.

Lori liliondoka na makofi yakaanza. Sikudhani alisimama na mikono yake ikining'inia. Kisha akaona Bwana Kirago anazungusha macho taratibu, bila ubaya wowote, akiwatafuta wasiopiga, na kwamba mzee hakuwa anapiga. Akasogea akasimama mbele ya mzee amkinge, akaanza kupiga makofi kwa nguvu.